Marubani wanafunzi wafundishwe kusoma vipimo tangu saa za mwanzo

Usiku wa kuamkia Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways namba KQ507 iliondoka Douala, Cameroon, ikielekea Nairobi. Ilikuwa imetoka Abidjan, na mvua ya radi iliichelewesha Douala kwa zaidi ya saa moja. Ilikuwa Boeing 737-800 ambayo haijatimiza mwaka kazini, injini zake nzima, na ndani walikuwamo watu 114. Dakika mbili hivi baada ya magurudumu kuacha ardhi, ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko kilomita chache kutoka uwanjani. Hakupona hata mmoja.

Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Cameroon mwaka 2010 haikulaumu bomu wala injini. Ilieleza kwamba ndege ilianza kulala upande wa kulia, polepole mno, na waliokuwa mbele hawakutambua. Nahodha alitamka kwamba mfumo wa kujiendesha umeshika kazi, kumbe haukuwa umeshika. Nje lilikuwa giza totoro, hakuna taa wala mstari wa upeo wa macho. Mtambo wa onyo ulipopaza sauti, ndege ikiwa imeinama kupita nyuzi 30, nahodha alishtuka akauzungusha usukani kulia, upande uleule ambao ndege ilikuwa ikiangukia. Wachunguzi walihitimisha kwamba marubani walipotewa na mwelekeo, na kwamba ndege ikilala hivyo hakuna aliyekuwa akipitia vipimo.

Nahodha yule hakuwa mwanafunzi. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Ustadi wa kuiongoza ndege kwa kutazama vipimo pekee, bila kuiona ardhi, haufai kuwa somo la nyongeza linalongoja mwisho wa mafunzo au siku mwanafunzi atakapopata ada nyingine. Ni mazoea ya macho na mikono, na mazoea hujengwa mapema au hujengwa kwa shida. Shule za urubani za Afrika Mashariki, na mamlaka zinazozisimamia, zinapaswa kuliingiza somo hili katika saa za mwanzo kabisa za kila mwanafunzi, na kulirudia mpaka siku anapokabidhiwa leseni.

Sababu iko ndani ya sikio. Kila sikio la ndani lina mirija mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji, na humo mna vinyweleo vinavyohisi majimaji yakisogea. Kichwa kikigeuka, mirija hugeuka nacho, majimaji hubaki nyuma kidogo, na ubongo hujua kwamba mwili unazunguka. Tatizo huanza mzunguko unapoendelea. Kikombe cha chai kikizungushwa kwa muda, chai hushika mwendo wa kikombe, na kikombe kikisimama ghafla, chai huendelea kuzunguka. Ndivyo inavyokuwa sikioni. Ndege ikikaa kwenye kona kwa sekunde 20 hivi, rubani asiyeona nje huanza kuhisi kwamba anakwenda sawa. Akiinyoosha kweli, mwili humwambia kwamba sasa amelala upande wa pili, naye hushawishika kuirudisha palepale ilipokuwa. Na kona ikianza taratibu sana, chini ya nyuzi mbili hivi kwa sekunde, sikio halina habari yoyote.

Kinachofuata kinajulikana vizuri. Ndege iliyolala hushusha pua na kuongeza kasi. Rubani husikia upepo ukizidi kuvuma, huona kimo kikipungua, lakini mwili wake unamhakikishia kwamba mabawa yako sawa. Kwa hiyo huvuta usukani ili kuinua pua. Katika ndege iliyolala, kuvuta huko hukaza kona zaidi, na kimo huendelea kuyeyuka.

Ukweli huu si mgeni, una karibu miaka 100. Mwaka 1926, huko San Francisco, rubani wa jeshi la Marekani aitwaye William Ocker alikalishwa na daktari David Myers kwenye kiti kinachozunguka, macho yakiwa yamefumbwa, akaulizwa anageukia wapi. Alikosea. Ocker hakukubali kwamba habari imeishia hapo. Alirudi na kisanduku alichokuwa ameweka ndani yake kipimo cha kugeuka, akakitazama wakati kiti kikizungushwa, na safari hii akajibu sawasawa. Kisanduku hicho ndicho kilichozaa somo lenyewe: mtu hawezi kulifundisha sikio liseme kweli, ila anaweza kuyafundisha macho kulipinga.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 24, 1929, Jimmy Doolittle, rubani mwingine wa jeshi la Marekani, alionyesha kwamba safari nzima inawezekana kwa njia hiyo. Katika uwanja wa Mitchel Field, New York, aliingia kwenye ndege ya mabawa mawili aina ya NY-2, sehemu yake ikafunikwa turubai asione nje, akaruka, akazunguka kwa dakika 15 hivi, akatua. Mbele yake alikaa Luteni Benjamin Kelsey, tayari kushika usukani hatari ikitokea, lakini haikumlazimu. Doolittle alikuwa na upeo bandia na kipimo cha uelekeo kutoka kampuni ya Sperry, vyote vikitegemea magurudumu madogo yanayozunguka kwa kasi kubwa, pamoja na kipimo sahihi cha kimo kilichotengenezwa na kampuni ya Kollsman na mawimbi ya redio ya kumwelekeza uwanjani.

Chombo kilikuwa kimepatikana. Walimu walibaki nyuma. Mapema mwaka 1934 Rais Franklin Roosevelt alivunja mikataba ya kampuni zilizokuwa zikibeba barua kwa ndege, akawapa kazi hiyo marubani wa jeshi. Ilikuwa katikati ya baridi kali, na wengi wao hawakuwa na mazoezi ya kutosha ya kuruka usiku na ndani ya mawingu. Katika majuma machache, marubani kadhaa walikufa. Ndipo jeshi lilipomgeukia Edwin Link, kijana wa Binghamton, New York, aliyelelewa katika kiwanda cha baba yake cha piano na vinanda vya upepo. Kwa mivukuto na pampu za vinanda alikuwa ameunda kibanda kinachoinama na kugeuka kama ndege huku kikiwa kimesimama sakafuni. Jeshi lilinunua sita. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, marubani zaidi ya nusu milioni walikuwa wamepitia kibanda hicho. Gharama ya vibanda sita ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na ndege na maisha yaliyokwisha kupotea, lakini uamuzi ulisubiri mazishi.

Ushahidi mzito kuliko wote, kwa maoni ya makala haya, ulipatikana katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1954. Watafiti waliwachukua marubani 20 wasio na mafunzo ya vipimo, wakawaingiza kwenye hali ya kuigiza ya kutoona nje wakiwa ndani ya ndege aina ya Bonanza, mwalimu akiwa pembeni. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege. Kumi na tisa waliishia kwenye mzunguko wa kushuka ulioelezwa hapo juu, na mmoja aliinua pua kupita kiasi hadi ndege ikapoteza nguvu ya kuelea. Kwa wastani, kila mmoja alidumu kwa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu.

Sekunde hizo 178 hutajwa mara nyingi kwa ajili ya kutisha. Sehemu ya pili ya utafiti husahauliwa, nayo ndiyo yenye manufaa. Watafiti waliwafundisha watu walewale utaratibu mfupi wa hatua chache: kutulia, kupunguza kasi, kuacha kupapatika na usukani, na kuigeuza ndege taratibu nyuzi 180 ili kurudi palipokuwa na mwanga. Walipojaribiwa tena, karibu majaribio yote yalifanikiwa. Hawakuwa wamegeuka mabingwa. Walikuwa wamefundishwa jambo moja, mapema, na likawatosha kutoka salama.

Mafunzo mazuri ya aina hii hufanyika hivi. Siku ya kwanza ya kujifunza kwenda sawa, mwalimu humwonyesha mwanafunzi pua ya ndege inavyokaa chini ya upeo wa macho. Kisha humwonyesha upeo bandia ulio mbele yake: ndege ile, mkao uleule, picha ya pili. Baadaye humvisha kofia yenye ukingo mrefu au miwani iliyofifishwa juu, ili aone vipimo tu, na kumwambia afanye yaleyale. Siku ya kupanda, kushuka na kupiga kona, utaratibu ni huohuo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani imekuwa ikiwahimiza wakufunzi kufundisha kwa mtindo huu kwa miaka mingi: kila zoezi lifundishwe kwa kutazama nje na kwa kutazama vipimo, tangu mara ya kwanza linapotajwa.

Katika ndege nyingi za mafunzo vipimo vikuu ni sita: kasi, upeo bandia, kimo, kugeuka, uelekeo, na mwendo wa kupanda au kushuka. Kuvijua majina ni kazi ya jioni moja. Kuvisoma ni kazi ya miezi. Jicho hutoka kwenye upeo bandia, hukimbilia kipimo kimoja, hurudi, hukimbilia kingine, hurudi tena, bila kukoma. Wakufunzi wanayajua makosa matatu ya kila mwanafunzi: kukodolea kipimo kimoja hadi vingine vinatoroka, kusahau kimoja kabisa, na kukitegemea kimoja kinachompendeza wakati vingine vinasema tofauti. Makosa hayo hayaondoki kwa hotuba. Huondoka kwa mwalimu kukaa pembeni, kuyaona macho ya mwanafunzi yameganda wapi, na kuuliza: kimo chako je?

Halafu huja zoezi ambalo wengi hawalisahau. Mwanafunzi hufumba macho na kuinamisha kichwa. Mwalimu huiyumbisha ndege huku na huku, kisha humkabidhi ikiwa imelala na pua iko chini. Afungue macho, asome, atende. Mwili utamwambia avute usukani. Mafunzo yanamtaka kwanza apunguze nguvu ya injini, asawazishe mabawa, ndipo ainue pua. Mpangilio huo ndio unaookoa maisha, na haiwezekani kuubuni ndani ya wingu kwa mara ya kwanza.

Mafunzo yaliyokamilika humfundisha pia kutilia shaka. Katika ndege nyingi ndogo za zamani, upeo bandia na kipimo cha uelekeo huendeshwa na pampu ya hewa, ilhali kipimo cha kugeuka hutumia umeme. Pampu ikifa, upeo bandia hauzimiki papo hapo. Huanza kulala polepole, na asiyejua huifuata ndege iliyochorwa kwenye kioo hadi chini. Ndiyo maana mwalimu mzuri hukifunika kipimo hicho kwa kipande cha karatasi na kumwambia mwanafunzi aendelee na vilivyobaki. Ndege ya Air France namba 447, iliyoanguka katika Bahari ya Atlantiki Juni 1, 2009 na kuua watu 228, ilianza matatizo yake barafu ilipoziba vitambuzi vya kasi. Kuamini vipimo maana yake ni kuvilinganisha, kimoja kwa kingine, na kukitambua kinachodanganya.

Sheria za kimataifa zinalijua jambo hili. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka mwombaji wa leseni ya rubani binafsi awe amepitia somo la vipimo, ikiwamo kugeuza ndege nyuzi 180 bila kuona nje. Kwa leseni ya biashara linataka saa 10 za mafunzo ya vipimo, na kwa cheti kamili cha kuruka kwa vipimo, saa 40. Marekani hudai saa tatu kwa leseni ya binafsi. Namba hizo ni sakafu. Shule inayozigeuza kuwa dari, ikazirundika zote katika juma moja kabla ya mtihani, inamtoa mwanafunzi mwenye daftari safi na macho ambayo hayajazoea.

Kifo cha John F. Kennedy Mdogo, mwana wa rais wa zamani wa Marekani, kinaonyesha hatari ya kuwa katikati. Julai 16, 1999, alirusha Piper Saratoga kutoka New Jersey kwenda kisiwa cha Martha's Vineyard, akiwa na mkewe na dada wa mkewe. Alikuwa na leseni, na alikuwa ameanza kozi ya vipimo ila hajaimaliza. Ulikuwa usiku, juu ya maji, hewa ina utusitusi. Sheria ilimruhusu kuruka. Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilisema alishindwa kuimudu ndege kwa sababu alipotewa na mwelekeo.

Wapo watakaosema huko ni Marekani. Lakini mazingira yale yako hapa kila siku. Karibu na ikweta jua likizama, mwanga hauchelewi. Katika muda usiofika nusu saa giza limeshashika. Ndege inayovuka kutoka Dar es Salaam kwenda Pemba usiku, au kutoka Mwanza kwenda Entebbe juu ya Ziwa Victoria, hupita juu ya maji meusi yasiyo na taa. Nairobi, kati ya Juni na Agosti, asubuhi nyingi mawingu hukaa chini, na uwanja wa Wilson, wenye shule nyingi za urubani, uko karibu na Milima ya Ngong. Masika huleta mawingu ya mvua kuanzia pwani hadi nyanda za juu. Juni 5, 2018, Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga Milima ya Aberdare, na watu wote 10 waliokuwamo wakafa. Katika nchi zenye vilele hivi, rubani asiyeona nje hana nafasi ya kubahatisha.

Kuna hoja tatu zinazotolewa dhidi ya kuanza mapema, na zinastahili majibu.

Ya kwanza ni ya wakufunzi wenyewe: mwanafunzi mpya akizoeshwa vipimo ataacha kutazama nje, na nje ndiko kuliko na ndege nyingine. Hofu hiyo ni ya haki, hasa angani juu ya Wilson. Jibu lake ni mpangilio. Zoezi lianze nje, dakika chache zihamie ndani, kisha lirudi nje, mwalimu akilinda anga muda wote. Anayejifunza lugha zote mbili za ndege tangu mwanzo hugundua haraka ipi ni ya wakati gani.

Ya pili inasema kwamba ujuzi kidogo utawapa ujasiri wa kuingia mawinguni watu wasio na kibali. Utafiti wa Illinois ulijibu kwa vitendo. Kinachofundishwa mapema ni kutoka, kwa kugeuka na kurudi. Na mwanafunzi aliyewahi kuingizwa kwenye wingu halisi na mwalimu mwenye cheti, akausikia mwili wake ukimdanganya, hupata heshima ambayo kofia ya mazoezi haiwezi kumpa. Kofia huvujisha mwanga na vivuli vya jua vinavyomsaidia bila yeye kujua.

Ya tatu ni fedha, na hii ndiyo inayoumiza zaidi. Saa moja ya ndege ni ghali, familia nyingi huuza mali kulipia, na cheti kamili cha saa 40 hakiwezi kuwa sharti la kila mwanafunzi. Hakuna anayekidai hapa. Kinachodaiwa ni dakika 10 ndani ya saa ambayo tayari imelipiwa, kofia ya mazoezi ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya saa moja ya kuruka, na mashine za kuigizia ndege zikae wazi kwa wanafunzi wa mwanzo, wakafanyie huko mazoezi ya macho kabla ya kuchoma mafuta.

Cheti nacho hakidumu bila mazoezi. Januari 26, 2020, helikopta iliyombeba mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant ilianguka Calabasas, California, na kuua watu tisa. Rubani alikuwa na cheti cha vipimo. Kampuni yake, hata hivyo, ilikuwa na kibali cha safari za kuona nje tu. Akiwa ndani ya wingu aliwaambia waongozaji kwamba anapanda, wakati chombo kilikuwa kikishuka kwa kugeuka kushoto. Marekani hutaka mwenye cheti awe ametua, au kukaribia kutua, kwa vipimo mara sita katika miezi sita iliyopita kabla ya kuongoza ndege mawinguni, na sababu yake ni hiyo: ustadi huu huchakaa usipotumika.

Afrika Mashariki haianzi na mikono mitupu. Chuo cha Soroti nchini Uganda kilianzishwa mwaka 1971 ili kuwafundisha vijana wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wilson kuna wakufunzi wenye uzoefu wa miaka mingi, na Dar es Salaam Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinajenga mafunzo yake ya urubani. Vyuo hivi vinaweza kukubaliana mtaala mmoja unaosema wazi: vipimo vianze ndani ya saa tano za kwanza, kila zoezi lifanyike kwa njia zote mbili, hakuna mwanafunzi anayepata leseni ya binafsi kabla ya kuigeuza ndege nyuzi 180 bila kuona nje, zaidi ya mara moja na katika siku tofauti, na kila mwaka mwenye leseni arudi kwa mkufunzi kulipitia zoezi hilo.

Mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania, Kenya na Uganda zina uwezo wa kuliagiza hili bila kusubiri sheria mpya ya kimataifa, kwa kuwa viwango vya ICAO ni vya chini kabisa na nchi yoyote inaruhusiwa kudai zaidi. Zikutane, zikubaliane, zitangaze tarehe. Mzazi anayelipa ada naye ana haki ya kuingia ofisini kwa mkuu wa shule na kumwuliza: mwanangu ataanza lini kuruka kwa vipimo, na nani atamfundisha? Jibu likiwa ni baadaye, akatafute shule nyingine.